Kukata sakafu ya tailizi kwa grenda kufikia bomba linalovuja

Nimetoka kumsaidia jamaa, bomba lake la PPR (la plastiki, linaunganishwa kwa kuchomelea kwa joto) lilikuwa linavuja chini ya sakafu ya bafu, naandika maana wengi wanawasha grenda kabla hawajajua chini kuna nini.

1. Funga geti valvu (koki kuu ya maji), zima umeme wa bafuni, grenda chomeka chumba kingine. Miwani na maski vaa.

2. Tafuta bomba. Maji yanapotokezea kwenye grauti (ile saruji ya kuziba kati ya tailizi) sio lazima ndipo panapovuja, yanatembea chini ya tailizi mpaka yapate upenyo. Angalia koki zilipo ukutani, mara nyingi bomba linashuka wima halafu linafuata ukuta. Gonga tailizi kwa mpini wa bisibisi, weka alama panapolia tofauti.

3. Kukata, na hapa ndio kazi yenyewe. Tumia grenda ndogo ya inchi 4 na nusu na diski ya daimondi, basi. Ile ya inchi 9 mi siitaki kabisa ndani ya bafu, inazama sentimita 6 hivi wakati bomba la maji linaweza kuwa sentimita 3 au 4 tu chini, utalipasua na uvujaji utakuwa sehemu mbili. Tailizi yenyewe ni kama milimita 8 mpaka 10, kwa hiyo pita juujuu mara mbili tatu, pima kwa rula, ukishaivuka tu simama, kinachobaki ni cha patasi. Kata kwenye mstari wa grauti uzunguke tailizi nzima, usikate katikati, maana kupata tailizi ya rangi ileile baada ya miaka ni shida. Halafu kona: diski ni duara, juu ikishafika kwenye kona chini bado haijafika, watu wanaisukuma mbele kidogo na hapo tailizi ya jirani inachanika. Iache, malizia kwa patasi. Kava ya grenda usiitoe hata kama inakubana, usiipindishe diski ikiwa ndani ya mstari, itaruka ikurudie. Vumbi la zege lina silika, linaua mapafu, kitambaa hakitoshi. Mimi nazima, nalowanisha mstari kwa sponji, nakata, nazima tena. Kumwagiwa maji mashine ikiwa inazunguka sikubali, ule ni umeme.

4. Vunja tailizi kuanzia katikati kwenda pembeni.

5. Chimba taratibu, patasi ifuate urefu wa bomba. Hata kama tundu ni dogo kama sindano fukua nusu mita au zaidi, maana soketi ya kuchomelea (kipande cha kuunganishia bomba) haiingii bila kulinyanyua bomba kidogo. Kausha kabisa ndio uchomelee.

6. Fungua maji, funga koki zote, acha shimo wazi usiku kucha. Mita ikisogea usizibe.

Kama ni ghorofani na umekutana na nondo, usiikate, mwite fundi wa zege aje aone kwanza.