Kibo isiungue: kupiga mlima alfajiri na kuuhariri

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kutoka mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC, kusini mwa Moshi, kila mara nilirudi na miwa safi na kilele kilichoungua: cheupe pe, kama mtu kabandika karatasi. Nikailaumu lenzi. Kumbe wala.

Alfajiri jua hugonga kilele, mita 5,895, dakika kadhaa kabla halijakufikia wewe huku chini. Theluji inang'aa, miwa bado iko gizani, na hilo giza ndilo limejaa sehemu kubwa ya picha. Kamera ikijipimia yenyewe inaona giza, inaongeza mwanga, theluji inaungua. Na ikishaungua basi tena. Kwenye faili hakuna kitu cha kurudisha. Kivuli ndicho huwa kimeficha mengi.

Kwa hiyo pimia theluji. Fika saa kumi na moja na nusu, maana ikifika saa tatu mara nyingi mawingu yameshafunga. Mimi hufunga kamera kwenye tripodi, ISO 100 (kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), faili za RAW, yaani ghafi, zenye data yote ya kamera. Kisha kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, nakishusha hadi -1.3, napiga moja, nafungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha: giza kushoto, mwanga kulia. Grafu ikigonga ukuta wa kulia, nashuka tena hadi -1.7 au -2. Kioo cha nyuma usikiamini: gizani kinafanya kila picha ionekane ang'avu kuliko ilivyo.

Wengine hupiga tatu, yenye giza, ya kati na yenye mwanga, halafu wanaziunganisha. Jaribu, ila upepo ukitikisa miwa utapata majani mawili mawili.

Miezi nayo ina maneno yake. Desemba hadi Februari jua huchomoza likiwa limeegemea kusini, linaumulika uso wa mlima unaotazama Moshi. Juni linatokea kaskazini zaidi, uso huo unabaki nusu kivulini.

Nyumbani, kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, naanza na joto la rangi: 5,500 K, kwa sababu rangi ya otomatiki huifuta ile rangi ya waridi iliyokutoa kitandani. Nashusha sehemu zenye mwanga mkali, napandisha vivuli taratibu hadi miwa ionekane ni miwa. Chengachenga, zile punjepunje za vivulini, zikianza, rudi nyuma kidogo. Alfajiri ina haki ya kuwa na giza. Ukungu wa vumbi naupunguza kwa brashi, mlimani tu. Ukiupunguza picha nzima, anga inageuka buluu ya ndoo ya plastiki.

Mwisho naitazama kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, mwanga nusu. Wateja wangu wengi wataionea WhatsApp.