Jinsi ya Kupima Pendekezo la Kumrudisha Mnyama Aliyetoweka

Kabla ya kuuliza kama wanasayansi wanaweza kumrudisha mnyama aliyetoweka, uliza ni nani hasa atakayezaliwa. Mnamo Aprili 2025 kampuni ya Colossal Biosciences ya Marekani ilitangaza kwamba imemrudisha mbwa-mwitu wa kale aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita, ilhali kilichofanyika ni kubadilisha sehemu 20 katika jeni 14 za mbwa-mwitu wa kijivu anayeishi hadi leo. Mnyama wa namna hiyo ni kiumbe mbadala anayefanana na yule wa kale kwa baadhi ya sifa, na pendekezo lisilokiri jambo hilo waziwazi linastahili kurudishwa kwa mwandishi wake.

Swali linalofuata, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, linahusu jike atakayebeba mimba. Mbuzi-mwitu wa mwisho wa aina ya bukardo, aliyeitwa Celia, alikufa katika milima ya Pyrenees, Hispania, Januari 2000, chembe za mwili wake zikiwa zimekwisha kuhifadhiwa. Watafiti walipandikiza viinitete, yaani mimba changa, vilivyotengenezwa kutokana na chembe hizo katika majike 57. Saba tu ndio walioshika mimba, mmoja tu akafikia kuzaa mwaka 2003, na mtoto huyo akafa baada ya dakika chache kwa sababu ya kasoro ya mapafu. Kwa hiyo dai takwimu za aina hiyo mapema: majike wangapi watafanyiwa upasuaji, mimba ngapi zinatarajiwa kuharibika, watoto wenye kasoro watatunzwaje, na nani asiye na maslahi katika mradi ana mamlaka ya kuusimamisha. Kwa mamothi, mnyama mkubwa wa kale aliyetoweka ambaye ndugu yake wa karibu ni tembo wa Asia, swali ni gumu zaidi, kwa kuwa tembo hubeba mimba kwa takriban miezi 22 na tembo huyo mwenyewe yumo hatarini.

Chunguza pia kilichomwangamiza mnyama huyo. Njiwa msafiri wa Amerika ya Kaskazini, ambaye wa mwisho wake, Martha, alikufa mwaka 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, aliishi kwa makundi makubwa mno, akamalizwa na uwindaji na ukataji wa misitu. Njiwa wachache ndani ya kizimba hawangerudisha maisha hayo.

Kuhusu fedha, inatosha kuuliza zinatoka wapi na zingeokoa nani.

Mwisho, linganisha pendekezo hilo na kazi ya kumwokoa kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye amebakiwa na majike wawili tu, Najin na Fatu, nchini Kenya. Hapo pia viinitete hupandikizwa katika majike wa jamii nyingine, yaani kifaru mweupe wa kusini, na maswali yale yale kuhusu upasuaji na mimba yanapaswa kuulizwa, lakini ndama akizaliwa leo atawakuta wazee wa jamii yake wakiwa hai, naye ataweza kujifunza kwao jinsi kifaru anavyoishi.