Ubebe Nini, Uache Nini: Kupanga Begi la Porini Ukitokea Dar

Kila kundi ninaloliongoza kutoka Dar kwenda Uluguru au Udzungwa huwa na watu wa aina mbili. Mmoja kaja na chupa ya maji na simu. Mwingine kabeba panga, majiko mawili na kamba ya kufungia mzigo wa lori. Wote wananipa kazi, ila huyu wa pili zaidi, maana ikifika saa sita mchana begi lake liko mgongoni kwangu.

Hatua ya 1: Hesabu saa, achana na kilomita

Jiulize: nikivunjika mguu kule mbali kabisa, nitafikiwa baada ya saa ngapi? Msitu wa Pugu, hapo njia ya Kisarawe, si muda mrefu. Lupanga, juu ya mji wa Morogoro, kumshusha majeruhi kwenye utelezi kunaweza kula usiku kucha. Njia za Udzungwa za kulala porini ni hesabu nyingine kabisa. Kama kuna uwezekano wa kukutwa na giza, beba vitu vya kukesha navyo hata kama hukupanga kulala. Kumbuka jua linazama saa kumi na mbili na kitu, na chini ya miti mikubwa giza linawahi.

Hatua ya 2: Jua kitakachokuumiza kwanza

Sisi watu wa Dar tunaogopa nyoka, kumbe kinachotuweza ni baridi. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000 unazopanda. Dar ikiwa nyuzi 30, kilele cha Lupanga, zaidi ya meta 2,100, tarajia 17 au 18, tena mchana na bila mvua. Fulana ya pamba ikilowa inang'ang'ania mwilini na kukunyonya joto. Vaa polista, beba koti la mvua na sweta kavu.

Koti la mitumba pale Karume utalijaribu hivi: lidondoshee tone la maji. Likiviringika na kuteleza, lipia. Likizama na kuacha doa, lirudishe kwenye fungu, hata muuzaji aape vipi.

Ukienda nyika za Mikumi au Saadani, adui ni jua na kiu. Huko wanyama nao si utani, lakini kinga yake ni askari wa hifadhi mwenye silaha. Hakuna kifaa cha kununua Kariakoo kitakachochukua nafasi yake.

Hatua ya 3: Vitu visivyo na mjadala

Tochi ya kichwa, filimbi (mipulizo mitatu, pumzika, rudia), kisu kidogo, bandeji, turubai jepesi, kamba nyembamba na kiberiti.

Kiberiti kiweke kwenye kichupa cha dawa chenye mfuniko wa kuzungusha. Kata na ule upande wa boksi wa kukwangulia, utie humo humo. Njiti bila huo ni vijiti tu. Ongeza vipande vya tyubu ya baiskeli vya urefu wa kidole. Vinanuka na kutoa moshi mweusi, lakini vinawaka hata vikilowa, na vinashikilia moto mpaka kuni mbichi zikubali. Fundi baiskeli wa mtaani atakupa bure.

Simu na pawabenki beba, ila mabondeni mtandao unapotea.

Hatua ya 4: Maji

Lita moja ni kilo moja. Milima ya Uluguru ina vijito vingi (Ruvu inayotunywesha Dar inaanzia huko), kwa hiyo lita 2 na kichujio zinatosha. Ukitumia vidonge soma pakiti: vingi vya madukani vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, si chupa. Nyikani usitegemee kijito. Beba lita 4 kwa siku.

Hatua ya 5: Pima, kisha punguza

Lipime begi likiwa na maji yake. Safari ya siku moja, lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Ya kulala, moja ya tano. Mwenye kilo 70 ana kilo 7, au 14. Likizidi, toa kwanza kitu ambacho mwenzako kashabeba, halafu kitu ambacho hujawahi kukitumia. Panga ndilo la kwanza kubaki nyumbani. Hifadhini kukata miti ni kosa.

Kisha livae, uende ukatembee nalo Pugu Jumamosi moja. Mabega yatakuambia kilichobaki.

Hatua ya 6: Kisicho na uzito

Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia, saa ya kurudi, namba ya mwongozaji na ya ofisi ya hifadhi, na mkubaliane ikifika saa ngapi kimya aanze kupiga simu. Ukimwambia tu "naenda Moro," hata hao watafutaji hawatajua waanzie wapi.