Tarehe ya eVisa Ikipita na Ombi Lako Bado Liko Home Office

Ndugu yangu unayefanya kazi Uingereza, na wewe uliyefungua kakampuni ka usafi au ka kuhudumia wazee ukaajiri watu watano sita, nina jambo moja la kuwaambia: tarehe ya eVisa, yaani ruhusa yako ya kuishi iliyo mtandaoni, ikipita huku ombi la nyongeza bado liko Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya huku. Mengine nitayapitia haraka. Hilo moja lilinikalisha nyumbani siku 23 bila mshahara, na sikuwa nimevunja sheria yoyote.

Nilikuwa na ruhusa ya kuishi ya miezi 30, ile ya familia. Wiki tatu kabla haijaisha nikatuma ombi la kuongezewa, nikalipa ada, nikapata barua pepe ya kupokelewa, nikatulia. Alhamisi tarehe ikapita. Ijumaa asubuhi, sare nimeshavaa, afisa utumishi wa nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi akaniita ofisini akanigeuzia skrini. Jina langu, picha yangu, na tarehe ya jana. Akasema mfumo unaonyesha muda wangu umekwisha. Nikamfungulia ile barua pepe kwenye simu. Akaisoma mara mbili, akasema anasikitika sana, kisha akaniomba funguo za kabati la dawa. Nilizivua shingoni nikamkabidhi, nikapita sebuleni ambako wazee wangu walikuwa wanasubiri chai, nikatoka.

Sasa sikilizeni. Kifungu 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 kinasema ukiomba nyongeza kabla ruhusa yako haijaisha, ruhusa ya zamani inaendelea na masharti yake yale yale, haki ya kufanya kazi ikiwemo, mpaka ombi liamuliwe. Kabla. Narudia, kabla. Ukichelewa hata siku moja, kinga hiyo huna. Mimi nilikuwa nayo, mwajiri wangu hakuijua, na mimi mwenyewe sikujua kuieleza.

Ndipo mtego ulipo. Kadi nyingi za BRP, zile kadi za ukaazi, ziliisha tarehe 31 Desemba 2024, na uthibitisho wa ruhusa zetu sasa uko mtandaoni, kwenye akaunti ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji. Mwajiri haulizi tena una karatasi gani, anaangalia skrini inasema nini. Skrini ikibaki na tarehe ya zamani huku ombi likisubiri, kwake yeye huna ruhusa. Tatizo hili lilifika hadi Mahakama Kuu mjini London, na Juni 2024 ikaamua kwamba serikali ilivunja sheria kwa kutowapa watu wa 3C uthibitisho wa kidijitali. Kwa hiyo usikubali kuambiwa ni uzembe wako.

Mwajiri afanye nini? Kwanza asimsimamishe mtu palepale. Kama mfanyakazi tayari yuko kazini na mwajiri ana sababu ya kuamini kuwa ombi lilitumwa kabla ya tarehe kupita, mwongozo wa Home Office unampa hadi siku 28 za kuendelea naye bila kuogopa faini, wakati anahakiki. Siku 28! Mimi niliondolewa ndani ya siku moja. Angalizo: nafasi hiyo ni ya aliyekwisha kuajiriwa, si ya mtu mpya unayetaka kumwanzisha leo.

Kisha ndani ya siku hizo aulize huduma ya Home Office iitwayo Employer Checking Service. Anaingia mwenyewe kwenye tovuti ya GOV.UK, anajaza jina, uraia, tarehe ya kuzaliwa, kazi, saa za wiki na namba ya ombi lako. Wewe huwezi kumfanyia, na hapo ndipo wengi tunakwama, kwa sababu tumezoea kuhangaika wenyewe. Mpe namba ya ombi na uthibitisho wa tarehe uliyotuma, umwombe kwa maandishi aulize. Jibu likiwa zuri anapata Positive Verification Notice, yaani notisi ya kuthibitisha kuwa una haki ya kufanya kazi, inayomkinga kwa miezi 6. Ombi likiwa bado halijajibiwa, aulize tena kabla miezi hiyo haijaisha. Wenzangu wawili walisimamishwa mara ya pili kwa kusahau jambo hilo tu.

Hatua za kawaida, tarehe ikiwa haijapita, ni hizi. Toa msimbo wa kumwonyesha mwajiri ruhusa yako, wa tarakimu na herufi 9, kwenye akaunti yako, unadumu siku 90. Ule wa kazi huanza na W. Mwajiri auingize pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa, kwenye ukurasa wa mwajiri, alinganishe picha na uso wako, ahifadhi nakala mpaka miaka 2 baada ya wewe kuacha kazi. Skrinshoti uliyomtumia kwa WhatsApp haimkingi. Ukipata pasipoti mpya, iunganishe na akaunti kabla hujakata tiketi.

Naelewa hofu yao. Tangu Februari 2024 faini ni hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na ruhusa, na 60,000 kwa anayerudia kosa. Kwa kampuni ya watu sita huo ni mwisho wa biashara. Lakini nimeishi na Waingereza miaka ya kutosha kuona jambo linaloniuma: mtu aliyekula nawe keki ya kuzaliwa kwako atakuomba radhi kwa upole, na bado hatapiga simu moja ya kukutetea, kwa sababu uamuzi ameshauachia mfumo. Uzuri wao ni mmoja, nao ni mkubwa: ukimwekea mezani ukurasa wa mwongozo wa serikali yake, anausoma na kuufuata. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliuchapisha, akapigia mstari zile siku 28, akaupeleka. Ndani ya wiki moja notisi ikaja, nikarudi zamu.

Na ninyi wa nyumbani, mama zangu na shangazi zangu, nawapenda, ila nipunguzieni "si uende ukaongee na mkubwa wao." Hakuna dirisha la kusimama wala mkubwa wa kumwona, hii si ofisi ya mtendaji wa kata. Pia binamu, usimwambie mtu akupe nywila ya akaunti yake ya UKVI ili "kijana mmoja mjuzi" amsaidie. Akibadilisha barua pepe na namba ya simu, mwenye akaunti anafungiwa nje ya ruhusa yake mwenyewe.

Siku hizi nafanya kazi ofisini, kwenye kampuni nyingine ya huduma za majumbani. Ukutani nina kalenda yenye tarehe za kila mfanyakazi, na miezi miwili kabla namwuliza kila mmoja kama ameshaomba. Mwezi uliopita kijana wa usiku tarehe yake ilipita Jumamosi. Jumatatu nilijaza fomu, Alhamisi notisi ikafika, na hakukosa zamu hata moja.