Kutenga nakala pacha ya voliumu ya LVM kwa ajili ya bekapu

Diski mbili zenye data ileile si bekapu. Faili likifutwa kimakosa linafutwa kotekote papo hapo. Lakini ukiwa na nakala pacha ya tatu, unaweza kuitenga kwa saa chache, ukaisoma taratibu ikiwa imetulia, huku watumiaji wakiendelea na kazi kwenye zile mbili. Ukimaliza unairudisha kundini.

Hapa tunatumia LVM ya Linux, mfumo wa kugawa na kuunganisha nafasi za diski kuwa voliumu. Kundi la voliumu ni vg0, voliumu ni data, imepachikwa /srv/data. Data ya sasa iko /dev/sdb1; diski mpya ni /dev/sdc1 na /dev/sdd1. Amri zote ni za root.

Kwa nini tatu? Ukitenga moja kati ya mbili, data inayotumika inabaki kwenye diski moja tu hadi bekapu iishe. Ikifa hapo, umekwisha. Nunua diski ya tatu.

1. Unda nakala pacha

pvcreate /dev/sdc1 /dev/sdd1
vgextend vg0 /dev/sdc1 /dev/sdd1
lvconvert --type raid1 -m 2 vg0/data /dev/sdc1 /dev/sdd1

Namba 2 ni nakala za nyongeza juu ya ile ya awali. Wengi hukwama hapa kwa sababu kila nakala huhitaji ekstenti (kipande cha nafasi cha LVM) moja zaidi (kwa kawaida MiB 4) ya kuhifadhi kumbukumbu zake, sehemu inayoitwa rmeta, na ile ya nakala ya awali lazima ikae kwenye diski yake yenyewe. sdb1 ikiwa imejaa pomoni, amri inakataa hata kama sdc1 na sdd1 ni tupu kabisa. Angalia kwa pvs kabla ya kuanza. Ikibidi, hamisha voliumu nyingine ndogo kutoka sdb1 kwa pvmove.

Kama voliumu yako ni ya aina ya zamani, mirror, ibadili kwanza kwa lvconvert --type raid1 vg0/data. Ufuatiliaji wa mabadiliko tutakaoutumia hapa chini unafanya kazi kwenye raid1 tu.

2. Hakikisha nakala zinalingana

lvs -a -o name,segtype,copy_percent,devices vg0

Subiri asilimia ifike 100.00. Kisha fanya ukaguzi:

lvchange --syncaction check vg0/data
lvs -o name,raid_sync_action,raid_mismatch_count vg0/data

Ukaguzi ukiisha, sync_action inarudi idle. Tofauti zikiwa nyingi, usitenge kwanza. Chunguza diski, maana unaweza kuwa unachukua bekapu ya nakala mbovu.

3. Tuliza data, kisha tenga

systemctl stop postgresql
umount /srv/data
lvconvert --splitmirrors 1 --trackchanges vg0/data /dev/sdd1
mount /dev/vg0/data /srv/data
systemctl start postgresql

Huduma inayotumia data hiyo (hapa postgresql) inasimama kwa muda mfupi tu, na faida yake ni kubwa: mfumo wa mafaili umefungwa vizuri, hakuna mwandiko ulioachwa nusu. Kutenga voliumu ikiwa inaandikwa kunawezekana, lakini unapata data inayofanana na ya seva iliyozimikiwa na umeme ghafla.

Chaguo --trackchanges ndilo moyo wa kazi hii. LVM inaweka alama sehemu zinazobadilika, hivyo wakati wa kurudisha zinanakiliwa hizo tu. Bila chaguo hilo nakala inaondoka moja kwa moja, na siku ukitaka pacha mwingine utanakili diski nzima upya. Unaweza kufuatilia nakala moja tu kwa wakati mmoja, na huwezi kuipa jina jipya: itaonekana kama /dev/vg0/data_rimage_2, ya kusoma tu.

Tahadhari ya fstab (faili la orodha ya vya kupachika mashine inapowaka): nakala iliyotengwa ina UUID (namba ya utambulisho) ileile ya mfumo wa mafaili. Kama fstab inapachika kwa UUID, mashine inaweza kuchukua nakala badala ya voliumu halisi. Andika /dev/vg0/data.

4. Pachika na uchukue bekapu

mkdir -p /mnt/nakala
mount -o ro,nouuid /dev/vg0/data_rimage_2 /mnt/nakala

nouuid ni ya XFS, aina ya mfumo wa mafaili ambayo inakataa UUID mbili zinazofanana. Kwa ext4, aina nyingine, tumia ro peke yake. Ikiwa ulitenga bila kupachua, logi ya mfumo wa mafaili haitaweza kukamilishwa kwenye kifaa cha kusoma tu. Ongeza norecovery (XFS) au noload (ext4), ukijua kwamba baadhi ya mafaili yanaweza kuwa pungufu.

tar --acls --xattrs --numeric-owner -czf /bekapu/data-$(date +%F).tar.gz -C /mnt/nakala .
tar --compare -zf /bekapu/data-$(date +%F).tar.gz -C /mnt/nakala

Amri ya pili inalinganisha kilichohifadhiwa na chanzo. Usiiruke: nakala haibadiliki, kwa hiyo tofauti yoyote ni kosa la kweli. (Ukivuka saa sita usiku, andika tarehe kwa mkono.) /bekapu iwe kwenye diski nje ya vg0, au bora zaidi, seva nyingine.

5. Rudisha nakala kundini

umount /mnt/nakala
lvconvert --merge vg0/data_rimage_2

Ukiambiwa kifaa kinatumika, fuser -vm /mnt/nakala itakuonyesha nani amekishikilia.

Soma jina kabla ya kubonyeza Enter. Kwenye rimage, --merge huisasisha nakala kutoka kwenye data hai. Kwenye snapshoti (picha ya voliumu ya wakati fulani), amri hiyohiyo huirudisha data hai ilivyokuwa zamani, na kazi yote ya tangu hapo inapotea. Usiposoma _rimage_ mwishoni mwa jina, simama.

Fuatilia copy_percent hadi 100.00 tena. Kabla ya hapo usitenge nyingine wala usichomoe diski yoyote.