Kuotesha mitoo-pori ya maua kwenye viriba

Mitoo-pori (Crotalaria agatiflora), jamaa wa mitoo ya mboga, hutoa maua ya manjano-kijani yanayofanana na ndege aliyeshika tawi. Anza miche Januari ili mvua ndefu zikukute tayari.

Chuma maganda yaliyokauka na yanayolia ukiyatikisa, kabla hayajapasuka. Tupa mbegu zenye vitobo. Zimeliwa na wadudu.

Kazi kubwa iko kwenye ganda la mbegu, ambalo ni gumu na halipitishi maji. Chemsha maji, epua, subiri dakika chache, tumbukiza mbegu na uziache usiku kucha. Usizichemshe motoni, utaua kiini. Asubuhi zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki ngumu zisugue kidogo kwa msasa kisha uziloweke tena.

Changanya udongo wa juu ndoo tatu, mchanga wa mto ndoo moja na samadi iliyooza ndoo moja. Walio upande wa Kano, karibu na Kisumu, waongeze mchanga, maana ule udongo mweusi hushika maji na kupasuka ukikauka. Toboa kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) chini, panda mbegu mbili, kina cha sentimita moja.

Mche ukilegea na kuoza shingoni, umemwagilia kupita kiasi au kivuli ni kizito: punguza vyote viwili. Mbegu zote mbili zikiota, ng'oa mche dhaifu. Mizizi ikichungulia chini ya kiriba, ikate, na uhamishie shambani miche ikifika sentimita 20.

Panda mbali na malisho, na usiuchume mmea huu kama mboga: una sumu.