Kufufua Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1960 bila kuipoteza sauti yake

Amplifaya ya valvu iliyopita miaka hamsini ina vitu vya aina mbili ndani yake: vile vinavyooza hata ikikaa kabatini, na vile vinavyotoa sauti ambayo watu wanaitafuta. Ufundi wote uko katika kuvitenganisha. Kapasita za elektroliti na waya wa kuingiza umeme ni vya kundi la kwanza; vitoke. Transfoma, spika, poti (vifundo vya kurekebisha sauti) na kapasita za kupitisha sauti ni za kundi la pili. Zisiguswe mpaka kipimo kionyeshe kuwa zimekufa. Fundi anayebadilisha kila kitu kwa siku moja humrudishia mwenyewe amplifaya inayolia, lakini si ile aliyoileta.

Hapa tunaichukua Deluxe Reverb yenye saketi ya AB763, ile ya uso mweusi iliyotengenezwa Fullerton, California, kuanzia 1963 hadi 1967. Ina wati 22, spika moja ya inchi 12 yenye omu 8, valvu mbili za 6V6GT za kusukuma spika, GZ34 ya kunyoosha mkondo, 12AX7 nne (nyingine zimeandikwa 7025) na 12AT7 mbili. Zile za uso wa fedha zilizofuata zinakaribiana nayo sana, na karibu kila hatua iliyo hapa inazifaa.

Kabla ya kuchukua bisibisi, jua umri wake. Karatasi ya orodha ya valvu iliyobandikwa ndani ya kasha mara nyingi ina mhuri wa herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1951, na ya pili ni mwezi. OF ni Juni 1965. Transfoma nazo zina namba: 606-5-32 maana yake kiwanda cha Schumacher, 1965, wiki ya 32. Tarehe zikipishana kwa miaka mingi, ujue kuna kilichowahi kubadilishwa, na uichunguze kazi ya fundi aliyekutangulia kwa makini kuliko ya kiwanda.

Kuumaliza umeme uliobaki

Ndani ya chesisi (sanduku la chuma linalobeba saketi) kuna volti 415 hivi za mkondo mnyoofu, na kapasita huzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Zinaua. Chomoa plagi, weka swichi ya kusubiri upande wa kupiga, kisha chukua waya wenye klipu za mamba pande zote mbili. Klipu moja ifunge kwenye chesisi kwanza, nyingine kwenye pini namba 1 ya soketi ya 12AX7 yoyote ya sauti. Ukitazama soketi kwa ndani, pini huhesabiwa kwa mwendo wa saa kuanzia kwenye pengo. Umeme utashuka polepole kupitia rezista ya kilo-omu 100. Subiri dakika nzima.

Halafu pima kila kapasita kubwa moja moja, usipime moja tu ukaridhika. Rezista ya katikati ikiwa imekatika, kapasita zilizo nyuma yake hubaki zimejaa huku nyingine zikisoma sifuri. Zote zikiwa chini ya volti 10, endelea, na iache klipu pale pale mpaka umalize kazi. Wakati wa kupima amplifaya ikiwa inawaka, mkono mmoja ukae mfukoni.

Volti 120 kwenye nchi za volti 230 na 240

Deluxe Reverb nyingi zilijengwa kwa soko la Marekani: volti 117 hadi 120, mzunguko wa hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, bahati yako ni fyuzi ikatike upesi. Bahati mbaya ni transfoma kuungua. Soma bamba la nyuma, na usiliamini peke yake: hakikisha transfoma iliyomo ndiyo iliyoandikwa.

Njia ya kwanza ni transfoma ya nje ya kushusha volti. Amplifaya hii hula wati mia na kitu, kwa hiyo chukua ya VA 300 au zaidi. Kasoro kubwa ya vile vijisanduku vya bei nafuu ni soketi ya matundu mawili bapa, maana eathi haipiti. Amplifaya isiyo na eathi ni hatari hata kama inalia vizuri. Pima kwa mita: kutoka pini ya eathi ya plagi ya ukutani hadi tundu la eathi la upande wa pili isizidi omu 1.

Njia ya pili ni kufunga transfoma mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya hii, yenye waya wa volti 240 na inayokubali hezi 50. Kwa mpigaji wa bendi anayepiga saa tano kila usiku, hii ndiyo tunayoipendekeza. Transfoma iliyopigiwa hesabu ya hezi 60 ikilishwa hezi 50 hubeba sumaku zaidi kwenye chuma chake na kuchemka kuliko ilivyokusudiwa. Kwa kupiga nyumbani nusu saa huenda ikavumilia. Kama baada ya nusu saa huwezi kuishika kwa sekunde tano, haivumilii. Ile ya zamani ifunge kwenye mfuko, iandike, na ikae na amplifaya.

Kwa vyovyote, pima volti za filamenti (nyuzi zinazopasha valvu moto), valvu zote zikiwa mahali pake. Ziwe 6.3; zikiwa chini ya 5.7 au juu ya 6.9, tatizo liko kwenye umeme unaoingia na lirekebishwe kabla ya lingine lolote.

Waya wa umeme na ile kapasita ya kuua

Nyingi zilitoka na waya wa nyuzi mbili, bila eathi. Nyuma kuna swichi ndogo ya kuchagua upande wa kuegemeza chesisi, na kwenye swichi hiyo imeungwa kapasita ya mikrofaradi 0.047 inayounganisha chesisi na mojawapo ya nyaya za umeme. Ikipasuka ndani ikawa kama waya, chesisi yote inashika umeme. Nyuzi za gitaa zimeungwa kwenye chesisi. Mpigaji akigusa kipaza sauti chenye eathi kwa midomo, umeme unapita mwilini mwake. Ndiyo sababu mafundi huiita kapasita ya mauti. Ikate, uiondoe. Swichi yenyewe iache mahali pake bila kuungwa na chochote, ili uso wa nyuma usiwe na tundu.

Weka waya wa nyuzi tatu, milimita za mraba 0.75 kila uzi, na kishikio kinachouzuia usivutike. Kahawia (laini, yaani wenye umeme) iende kwanza kwenye ncha ya mwisho ya kishika fyuzi, ile iliyo mbali na kifuniko, ndipo itoke ubavuni kuelekea swichi. Bluu (nyutro) iende kwenye waya wa pili wa kuingiza umeme wa transfoma. Kijani-manjano ipate bolti yake yenyewe kwenye chesisi, yenye washa ya meno, rangi ikiwa imekwanguliwa. Usiifunge kwenye bolti ya transfoma, kwani hizo hulegea. Uache mrefu kuliko nyingine, ili waya ukivutwa kwa nguvu eathi iwe ya mwisho kukatika. Soketi ya ziada iliyo nyuma itenganishe kabisa.

Fyuzi ni ampea 2 ya kuchelewa kwa volti 120, na ampea 1 kama umefunga transfoma ya 240. Ndani ya plagi ya pini tatu za mraba weka ya ampea 3, siyo ile ya 13 iliyokuja nayo.

Kapasita za elektroliti

Chini ya kifuniko cha bati kilicho nje ya chesisi kuna kapasita tano za mikrofaradi 16, volti 450. Maji yaliyomo ndani hukauka. Kwanza huleta mvumo mzito, mwishowe hupitisha umeme na kuua GZ34 au transfoma. Zikitokwa na uchafu mweupe kwenye ncha zimekwisha, na hata zikionekana safi, kwa umri huu zimekwisha vilevile.

Weka tano za mikrofaradi 22, volti 500. Kishawishi cha kuweka kubwa zaidi kipo, nacho kina gharama: mbili za kwanza zimeungwa sambamba, na GZ34 hairuhusu zaidi ya mikrofaradi 60 mbele yake. Mbili za 22 ni 44, uko salama. Piga picha kabla ya kutoa, na angalia upande wa hasi mara mbili, kwa sababu kapasita iliyogeuzwa hulipuka. Rezista za kushusha volti zilizomo humo zipime. Iliyopotoka zaidi ya asilimia 20 ibadilishe.

Usiisahau kapasita ya bayasi (volti hasi inayozuia mkondo wa 6V6 usizidi), mikrofaradi 25 volti 50. Ni ndogo, imejificha kwenye kibao chake, na watu huiruka. Ikifa, 6V6 hukosa breki na kuungua nyekundu. Weka ya mikrofaradi 47 au 100, volti 100. Ncha yake *chanya* huenda kwenye chesisi. Zile za kathodi, mikrofaradi 25 volti 25, zibadilishe nazo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Tengeneza ubao wenye globu ya zamani ya filamenti iliyoungwa kwa mfululizo na soketi. Globu ya LED haifai hata kidogo. Kama unatumia transfoma ya kushusha, globu ikae upande wa 240, kabla ya transfoma. Anza na globu ya wati 60, valvu zote zikiwa nje: iwake kidogo, ififie. Ikibaki inang'aa, kuna mahali pamegusana, zima. Kisha rudisha valvu isipokuwa 6V6, weka globu ya wati 100, spika ikiwa imechomekwa kwenye jeki yake kuu. Jeki hiyo hujifunga yenyewe ikiwa tupu ili kuilinda transfoma ya sauti. Ile ya spika ya pili haina kinga hiyo.

Kabla ya kuchomeka 6V6, pima volti za pini namba 5 kwenye soketi zote mbili. Ziwe hasi, kwenye 35 hivi, na zilingane. Moja ikiwa pungufu kwa volti kadhaa, kapasita ya mikrofaradi 0.1 inayoilisha inavujisha, na hiyo ni mojawapo ya chache za kundi la pili zinazostahili kutolewa.

Bayasi

Hapa ondoa globu, maana hupotosha vipimo. Unga rezista ya omu 1, asilimia 1, kati ya pini 8 na chesisi kwa kila 6V6: milivolti moja ni miliampea moja. Pima volti za pini 3. Anodi ya 6V6GT inavumilia wati 12, nasi tunataka kama asilimia 70, yaani wati 8.4. Kwa volti 415 hiyo ni miliampea 20. Kipimo chako kimejumlisha mkondo wa skrini, kwa hiyo 21 au 22 ni sawa. Geuza poti ya bayasi polepole, kisha pima volti tena, kwani mkondo ukipanda volti hushuka. Subiri dakika ishirini, rudia. Zikipishana zaidi ya miliampea 4, tafuta jozi iliyolinganishwa.

Makelele, na unyevu wa pwani

Mlio wa kukwaruza usiohusiana na poti hutoka mara nyingi kwenye rezista za kilo-omu 100 za anodi. Toa valvu za sauti moja moja, ukianzia upande wa kuingiza gitaa. Kelele ikikoma, rezista iko kwenye valvu hiyo. Badilisha hiyo tu.

Ila amplifaya iliyoishi Mombasa, Tanga au Unguja inaweza kuwa na ugonjwa mwingine unaomchosha fundi asiyeujua. Ubao mweusi unaoshika vifaa ni wa karatasi ngumu iliyopakwa nta, na hunyonya unyevu hadi ukaanza kupitisha umeme. Dalili zake ni poti zinazokwaruza hata zikisafishwa, sauti inayobadilika na hali ya hewa, na bayasi inayotangatanga. Pima: ncha nyeusi ya mita kwenye chesisi, nyekundu iguse ubao mtupu, mbali na kiungo chochote. Ukisoma volti kadhaa, ubao umelowa. Dawa ni kikausha nywele kwa moto wa wastani, huku nta inayoyeyuka ikifutwa kwa kitambaa, kisha pima tena baada ya siku mbili. Jeki na soketi za valvu zilizoliwa na chumvi zisafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, isiyo ya mafuta.

Mwangwi na tremolo

Tremolo (sauti inayopanda na kushuka kwa mapigo) isipofanya kazi usifungue kitu kwanza: kwenye saketi hii haizunguki mpaka swichi ya mguu iwe imechomekwa na kufungwa. Ikigoma bado, tazama kapasita zake tatu ndogo, za 0.01 mbili na ya 0.02. Mwangwi ukikosekana, pima tangi la springi: upande wa kuingiza husoma omu 1 hivi, wa kutoa kama 200. Ukiwa wazi, waya mwembamba kama unywele umekatika kwenye jeki ya ndani, na huungika kwa subira. Nyaya mbili za tangi zikibadilishana mahali, utapata mwangwi hafifu na mvumo.

Spika asilia ya Jensen au Oxford ikisoma omu 6 hadi 7 kwa mita, na karatasi yake haijachanika hadi ukingoni, ibaki. Mpasuko mdogo huzibwa kwa karatasi nyembamba na gundi inayobaki laini.

Ukimaliza, iache ikipiga saa mbili kwa sauti ya wastani, pima bayasi mara ya mwisho, kisha andika tarehe, volti na miliampea kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya kasha pamoja na mfuko wa vifaa ulivyotoa.